Kaka yangu kemo imekataa, sasa wanataka kumchanganyia dawa nne. Tukubali?

Shikamoo dada. Nasoma sana majibu yako ya mambo ya dawa ila leo ndo nimeamua kuandika mana nyumbani kwetu hakulaliki. Kaka yangu mkubwa ana miaka 38. Mwaka jana alianza kuchoka choka, fizi zinatoka damu, wakamtibu malaria wee, wakahamia taifodi, mpaka siku damu ilipopimwa vizuri wakakuta ni kansa ya damu, hii wanayoita AML. Akalazwa, akatundikiwa dripu mfululizo siku saba, na ndani yake siku tatu kuna ile dawa nyekundu. Nywele zilitoka zote, mdomo ukachubuka hata uji ukawa hauendi, lakini alitoka. Wakampima uboho wakasema seli za kansa hazionekani tena, mama akachinja mbuzi, akamalizia kozi za kuimarisha, akarudi kazini.

Sasa mwaka haujaisha imerudi. Daktari ametuita akasema ugonjwa umekuwa sugu kwa zile dawa za mwanzo, anataka ampe mchanganyiko wa dawa nne kwa pamoja, na kuna kidonge kingine cha kuongezea kama kitapatikana. Hapo ndo kikao cha familia kikavurugika. Baba mdogo anasema dawa mbili nusura zimuue, nne si ndo tunamzika wenyewe kwa mikono yetu, na anaamini hospitali wameishiwa wanamfanyia majaribio. Wifi yangu anataka tiba iendelee. Mama kaleta unga wa mizizi kwa mtaalamu mmoja anayesifika. Alafu kwenye grupu la ukoo imezunguka voisi noti inasema wataalamu wa Ulaya walishagundua kwamba kwinini, hii hii ya malaria, inavunja usugu wa kansa ya damu, kwa hiyo tununue tumpe pamoja na kemo ya kawaida, hela nyingine ibaki. Mdogo wangu kashanunua vidonge vipo ndani.

Naomba unieleze kama ndugu. Dawa ikishakataa, kuchanganya kunasaidia nini? Hiyo kwinini ina ukweli? Na sisi ndugu tufanye nini zaidi ya kuchangishana hela? Dada mtu, Morogoro.

Marahaba mdogo wangu, na poleni sana, hasa wifi yako na mama. Mi ni mfamasia, sio daktari wa kaka yako, faili lake sijaliona, kwa hiyo nitakueleza dawa zinavyofanya kazi na maswali ya kwenda kuuliza, uamuzi mtaufanya na yule anayemtibu. Ila moja nalisema kabla ya yote: hiyo kwinini msimpe, na huo unga wa mizizi nao usimame kwanza. Sababu nakuja nazo.

Nianze na hiyo voisi noti kwa sababu aliyeirekodi hakutunga, kuna kitu kweli alikisikia ila kimemfikia nusu. Seli ya kansa ikiwa sugu ina njia kadhaa za kukwepa dawa, na mojawapo ni pampu. Juu ya ngozi ya seli kuna protini inaitwa P-glikoprotini, kazi yake ni kuikamata dawa iliyoingia na kuitema nje kabla haijafanya lolote. Watafiti walipoiona wakasema basi tuizibe, na kweli ikaonekana maabara kwamba dawa za zamani kama verapamili ya presha, siklosporini na hiyo kwinini zinaiziba. Miaka ya 1990 Ufaransa wakaipeleka kwa wagonjwa wenyewe, watu wazima wenye AML, nusu wakapewa kemo tupu na nusu kemo pamoja na kwinini ya dripu. Matokeo ya jumla hayakuwa yale waliyoyatarajia, waliopata kwinini kwa ujumla hawakufanya vizuri kuliko wenzao. Na vizibo vingine vilivyotengenezwa maalum baada ya hapo navyo vingi vilikwama.

Kwa nini vilikwama? Hapa ndo panapotusaidia kuelewa shida ya kaka yako. Kwanza hiyo pampu sio mali ya kansa peke yake, ipo kwenye utumbo, kwenye ini, kwenye mishipa ya ubongo, hata kwenye seli mama za damu zilizo nzima, inatulinda. Ukiiziba mwili mzima na sumu ya kemo inapanda mwili mzima. Pili, pampu ile inatema ile dawa nyekundu, daunorubisini na jamaa zake, lakini sitarabini, ile ya siku saba, haiishughulikii kabisa, sasa ukiziba pampu umesaidia nusu ya tiba tu. Na tatu, seli iliyozibiwa pampu ina njia nyingine kadhaa za kutokea. Alafu kwinini yenyewe kuna watu inawaangusha pleteleti, zile chembe za kugandisha damu, na kaka yako pleteleti ndo hana. Inashusha sukari. Inavuruga mapigo ya moyo, na wodini anaweza kuwa tayari anapewa ondansetroni ya kuzuia kutapika na dawa ya fangasi ambazo nazo zinagusa moyo pale pale. Sasa mtu anapewa vyote hivyo hospitali, alafu ndugu anamtilia kwinini kwenye chai kimya kimya, daktari hajui! Mwambie mdogo wako hivyo vidonge avirudishe.

Haya, kuhusu kuchanganya. Baba mdogo anafikiri daktari anaongeza idadi ya dawa kwa sababu ya mwanzo ilikuwa ndogo, yaani kama mtu anayezidisha pilipili. Sivyo. Mwaka 1948 kule Boston, Sidney Farber aliwapa watoto wenye lukemia, yaani kansa ya damu, dawa moja, aminopterini, na kwa mara ya kwanza ugonjwa ukatulia, watoto wakaamka wakacheza, alafu baada ya wiki au miezi ukarudi na dawa ile ile ikawa haiugusi. Ikawa hivyo kwa kila dawa mpya, moja moja, zote zinafanya kazi kidogo kisha zinakataa. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Emil Frei na Emil Freireich, kwenye taasisi ya kansa ya Marekani, wakachukua somo kutoka TB. Unajua TB hatutibu kwa dawa moja, tunatoa nne ndani ya kidonge kimoja, mana bakteria aliyezaliwa sugu kwa moja atauawa na nyingine. Wakafanya hivyo hivyo kwa lukemia ya watoto, dawa nne kwa pamoja, vinkristini, methotreksati, merkaptopurini na prednisoni, na wengi walidhani watawaua wale watoto. Leo watoto wenye lukemia ya aina ile, kwenye nchi zenye vifaa, karibu 9 kati ya 10 wanapona, na msingi wa tiba bado ni mchanganyiko.

Na mwambie baba mdogo haya mambo hayakuishia kwa wazungu. Hapa jirani Kampala, mwaka 1967 kilianzishwa kituo cha kutibu limfoma, yaani kansa ya tezi, ambacho ndo baadaye kikawa Uganda Cancer Institute, na watoto wenye ule uvimbe wa taya, limfoma ya Burkitt, walipewa siklofosfamidi pamoja na vinkristini na methotreksati. Watoto wa Afrika Mashariki ni sehemu ya jinsi dunia ilivyojifunza kuchanganya dawa za kansa ya damu.

Siri ni jinsi dawa zinavyochaguliwa. Kila moja inatakiwa iue kwa njia yake tofauti, na ikiwezekana madhara yake yaangukie sehemu tofauti ya mwili, moja iguse neva, nyingine uboho, nyingine moyo, ili zikikutana zisimalize kiungo kimoja. Kwa AML hilo la pili ni gumu, sitakuficha, nyingi ya dawa zake zinapiga uboho, kwa hiyo hofu ya baba mdogo sio ujinga, kuna wiki kadhaa ambapo chembe nyeupe zinashuka karibu na sifuri na maambukizi madogo tu yanaweza kumwondoa mtu. Hofu yake ina mahali pake, ila aielekeze kwenye kumlinda mgonjwa wiki hizo.

Sasa kwa nini ilirudi? Mwaka 2012 watafiti wa chuo kikuu cha Washington pale St. Louis walisoma jeni za wagonjwa 8 wa AML, kabla ya tiba na baada ya ugonjwa kurudi. Walichokuta ni kwamba kansa iliyorudi haikuwa nakala kamili ya ile ya mwanzo. Kwa wengine ukoo mkuu wa seli ulikuwa umeongeza mabadiliko mapya ya jeni, kwa wengine tawi dogo la ukoo ule ndo lilipona kemo likazaliana. Kwa hiyo kaka yako kwa namna fulani anapambana na ugonjwa uliobadilika, na kurudia dripu ile ile kama ilivyokuwa, kwa mtu ambaye umemrudia mapema hivi, mara nyingi ni kumchosha bure. Na hapo ndo lilipo swali lako la kwanza kwa daktari: je amepimwa jeni UPYA, sio majibu ya mwaka jana, hasa hitilafu ya ile jeni inayoitwa FLT3? Mana hitilafu ya FLT3 inaweza kutokuwepo mwanzo ikajitokeza sasa, na ikiwepo kuna kidonge chake, gilteritinibu, ambacho kwenye utafiti wa wagonjwa ambao AML ilirudi au iligoma, nusu ya waliokitumia waliishi zaidi ya miezi 9.3, waliopewa kemo za kawaida ikawa miezi 5.6. Ni tofauti ya miezi, sio uponyaji peke yake, nakwambia wazi ili msije mkauza shamba kwa matumaini ya uongo, ila kwa mtu anayetafuta muda wa kufika kwenye kupandikizwa uboho hiyo miezi ina thamani kubwa.

Hizo dawa nne ulizozisikia, kwa jinsi ulivyoeleza, zinafanana na mpango unaoitwa FLAG-IDA, muulize kama ndo huo. Ndani yake kuna fludarabini, sitarabini, idarubisini, na sindano ya G-CSF. Utaona sitarabini imerudi, na hapa ndo watu wanapiga kelele mbona dawa ile ile iliyokataa. Haijarudi peke yake. Fludarabini inatangulia, dripu ya nusu saa hivi, alafu inasubiriwa, karibu masaa manne, ndipo sitarabini inafuata kwa dozi kubwa kuliko ile ya mwanzo. Kile kipindi cha kusubiri ndo kiini cha mpango wote: fludarabini inaingia ndani ya seli ya kansa na kuifanya ikusanye kwa wingi ile sitarabini iliyokwisha kuamshwa, ile inayoua. Ukigeuza mpangilio, au ukazitoa zote pamoja ili nesi awahi kumaliza zamu, umepoteza sehemu ya faida. Na ile G-CSF, sindano ndogo ya chini ya ngozi ya tumbo, pamoja na kuinua chembe nyeupe, lengo lake lingine ni kuziamsha seli za kansa zilizolala, mana kemo inaua vizuri seli inayogawanyika, iliyolala inapitwa. Kwa hiyo ukiona wanamchoma sindano ya kuongeza chembe wakati kansa yenyewe ni ya chembe msishtuke.

Hicho kidonge cha kuongezea nadhani ni venetoklaksi, muulize. Chenyewe kinashughulika na njia nyingine kabisa ya kukwepa. Seli ikiumizwa na kemo inatakiwa ijiue, mwili umeiumba hivyo, lakini seli za lukemia zinajaza protini inaitwa BCL-2 ambayo inazuia huko kujiua. Venetoklaksi inaikalia hiyo protini. Peke yake kwa AML haina nguvu sana, ikiungwa na dawa nyingine ndo inaonekana. Kwenye utafiti mkubwa uliotoka 2020, wagonjwa wazee au wenye mwili dhaifu ambao hawajatibiwa bado, dawa ya kemo azasitidini peke yake iliutuliza ugonjwa kwa asilimia 28 ya wagonjwa, ikiunganishwa na venetoklaksi ikawa asilimia 66 yao. Kaka yako sio mzee na ameshatibiwa, kwa hiyo hizo namba sio zake, usizipeleke kwenye grupu kama ahadi. Nimezitaja uone dawa mbili ambazo kila moja peke yake ni ya kawaida zinavyoweza kufanya kazi zikikutana vizuri.

Na hapo hapo ndo naurudia unga wa mama. Venetoklaksi inavunjwa na kimeng'enya cha ini kinachoitwa CYP3A. Ukila balungi, tunda tu la sokoni, linazuia kile kimeng'enya, dawa inapanda kwenye damu kuliko ilivyokusudiwa. Flukonazoli, hii ya fangasi inayouzwa kila duka la dawa, inafanya hivyo hivyo mpaka madaktari wanalazimika kupunguza dozi. Sasa ikiwa balungi linaweza, huo unga ambao hakuna anayejua una nini ndani utafanyaje? Unaweza kupandisha sumu, unaweza kuishusha dawa ikawa maji, na daktari atadhani kansa imekuwa sugu zaidi kumbe ni unga. Mchanganyiko wa hospitali umepangwa dozi kwa dozi, wa nyumbani unaingia bila mtu kuuhesabia. Mama usimgombeze, mpe kazi ambayo kweli itamwokoa mwanae: chakula kilichoiva vizuri na kuliwa cha moto, maji ya kunywa yaliyochemshwa, kachumbari na juisi za barabarani zisimsogelee wiki zile chembe ziko chini, na wageni wenye mafua waishie uani.

Kuhusu majaribio. Ingekuwa utafiti, mngepewa fomu ya kusoma na kusaini, mngeelezwa, na mna haki ya kukataa bila kaka yako kunyimwa tiba nyingine. FLAG-IDA inatumika duniani tangu miaka ya 1990, sio kitu kilichobuniwa jana kwa ajili yenu. Muulizeni daktari waziwazi, na baba mdogo aende mwenyewe kliniki akaulize, asisimuliwe. Akifika aulize na hili: lengo ni nini? Mana kwa AML iliyorudi kabla ya mwaka, mchanganyiko mara nyingi hauponyi ukiishia hapo, unakusudiwa kuutuliza ugonjwa ili mgonjwa afike kwenye kupandikizwa uboho. Kama mpango wa kupandikiza haupo kabisa, wala hela wala mtu wa kutoa, basi kuna mazungumzo mengine ya kufanya, pengine tiba nyepesi inayomwacha akae nyumbani na watoto wake zaidi, na huko sio kumtupa mgonjwa. Kaka yako mwenyewe aulizwe anataka nini. Barua yako yote umenitajia maoni ya kila mtu, la kwake sijalisikia.

Akianza tiba, nunueni kipimajoto. Joto likifika 38 ni hospitali saa hiyo hiyo, hata saa nane usiku, hata kama anasema najisikia vizuri. Msianze na mseto wa malaria, msimpe panado kwanza muone kama litashuka, kwa sababu panado inaficha homa na mtu asiye na chembe nyeupe anaweza kuwa mahututi ndani ya masaa machache, anatakiwa antibayotiki ya mshipa haraka. Diklofenaki, ibuprofeni na aspirini zisimguse, pleteleti zikiwa chini zinamtoa damu. Na asichomwe sindano ya tako kwenye zahanati, damu itavia ndani ya msuli.

Hela. Msikubali kutajiwa bei ya dawa nne peke yake. Ulizeni gharama ya kozi nzima: pleteleti, damu, antibayotiki, dawa ya fangasi, vipimo vya kila siku, na siku za kitanda, mana familia nyingi zinaishiwa hela katikati, dawa zimeshaingia chembe zimeshashuka, na hapo ndo pa hatari kuliko pote. Muone na mtu wa ustawi wa jamii wa hospitali kabla ya kuanza, sio baada ya deni.

Mwisho nije kwako wewe, umeuliza mfanye nini zaidi ya kuchangishana. Wewe na kaka ni baba mmoja mama mmoja? Kama ndio, una nafasi 1 kati ya 4 ya kufanana naye kamili kwa uboho, na kila ndugu mwingine wa tumbo moja ana nafasi hiyo hiyo yake. Hata nusu kufanana siku hizi kuna vituo wanapandikiza, kwa hiyo wazazi na watoto wake wakubwa nao wahesabiwe. Muombeni daktari kipimo cha HLA, kile cha kuangalia nani anafanana naye kwa uboho, sasa, msisubiri kozi iishe, mana kipindi cha ugonjwa kutulia kinaweza kuwa kifupi na majibu yakachelewa. Hata mkifikiria kumpeleka India, huko nako swali la kwanza mtaulizwa ni hilo, nani anatoa. Na mkienda kuchangia damu mwambieni daktari kwanza nyie ni ndugu zake wa karibu, damu yenu isiwekwe kwake moja kwa moja kabla hajaamua kuhusu kupandikiza, inaweza kuufundisha mwili wake kuukataa uboho wenu baadaye. Damu yake ichangiwe na majirani na wenzake wa kazini. Majibu ya FLT3 yakitoka niandikie tena, na kama kuna jina la dawa hujalielewa piga picha ile karatasi ya mpango wa tiba, funika jina lake na namba ya faili, nitumie.